Asiyefika Kituoni Naye ni Mgonjwa Wako

Taarifa ya mwezi ya kituo cha afya huanza na swali moja: walikuja wangapi? Wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, waliolazwa, waliopewa rufaa. Safu zinajumlishwa, mganga mfawidhi anatia sahihi, taarifa inapanda ngazi za juu, na huko ndiko dawa, vifaa na watumishi wa mwaka unaofuata hupangwa. Kasoro yake ni kwamba humhesabu aliyefika tu. Mama aliyejifungulia nyumbani kwa kukosa usafiri usiku, kibarua ambaye siku ya kliniki ni siku ya kukosa ujira, kiziwi asiye na wa kumtafsiria: hao hawana safu. Na kwa kuwa rasilimali hufuata hesabu, jamii iliyokosa huduma mwaka huu huonekana kwenye takwimu kama jamii isiyohitaji huduma sana, ikapangiwa kidogo tena.

Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyewatibu wachimba makaa ya mawe na familia zao katika kijiji cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba huduma bora huelekea kuwa haba pale mahitaji yanapokuwa makubwa. Maneno hayo yamenukuliwa mno. Kinachotajwa kwa nadra ni alichokifanya kijijini: alichukua orodha ya watu waliosajiliwa kwake, akapima shinikizo la damu la karibu kila mtu mzima, na wasiokuja akawafuata. Msimamo wangu ni kwamba hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa afya katika jamii zilizoachwa nyuma inapoanzia. Huruma inasaidia, kujitolea kunasaidia, lakini bila orodha ya wasiofika vyote viwili huishia kwa walewale wanaokaa karibu na kituo.

Tuanze na chanjo, maana hapo hesabu ni rahisi na makosa huonekana upesi. Chukua vituo viwili, kila kimoja kikiwa na watoto 420 wanaotakiwa kuchanjwa kwa mwaka. Cha kwanza kimetoa dozi ya kwanza ya pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, kwa watoto 400 na dozi ya tatu kwa 300. Cha pili kimetoa dozi ya kwanza kwa 210 na ya tatu kwa 200. Kiwango cha watoro, yaani walioanza wasimalize, hupatikana kwa kutoa idadi ya dozi ya tatu kwenye ya kwanza, kugawa kwa ya kwanza na kuzidisha kwa 100. Kituo cha kwanza kina asilimia 25. Cha pili hakifiki asilimia 5. Kwa kawaida asilimia 10 ndiyo mpaka wa kuanza kuhangaika.

Hawa ni wagonjwa wawili wenye maradhi tofauti. Katika kituo cha kwanza karibu kila mzazi ameweza kufika mara moja, kisha kitu fulani kimemkatisha tamaa: foleni ya tangu alfajiri, chanjo zilizokwisha, kukaripiwa kwa kusahau kadi, au kutoambiwa tarehe ya kurudi. Dawa yake imo ndani ya kituo. Katika kituo cha pili nusu ya watoto hawajawahi kuguswa, ila waliofika wanarudi, ishara kwamba huduma yenyewe inakubalika. Hapo panahitajika huduma za mkoba, yaani watumishi kuzipeleka chanjo nje ya kituo, kwa tarehe isiyobadilika, mahali ambapo watu wanaweza kufika kwa miguu. Kinachofanyika mara nyingi ni kuvipa vituo vyote viwili dawa moja, yaani gari la matangazo na mabango ya kuhamasisha. Kwa wazazi wa kituo cha kwanza hilo ni karibu na tusi. Walikwisha kuhamasika, wakaja.

Kuna utoro mwingine unaotengenezwa na watumishi wenyewe bila nia mbaya. Kichupa cha chanjo ya surua cha dozi 10 kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa 6 au kabla kikao hakijaisha, lolote litakalotangulia, kinachobaki hutupwa. Muuguzi anayeogopa kuulizwa juu ya dozi zilizotupwa hukataa kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, humwambia mama arudi siku ya kliniki kubwa. Anayekaa jirani atarudi. Aliyetembea saa tatu hatarudi, na mtoto wake ndiye aliye mbali zaidi na msaada surua ikizuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Msimamizi anayekuja kukagua dozi zilizomwagwa bila kuuliza ni watoto wangapi walirudishwa nyumbani anazalisha watoro kwa mkono wake. Upotevu wa dozi unatakiwa uingizwe kwenye maombi ya chanjo tangu mwanzo, kama gharama halali ya kumfikia wa mbali.

Upande wa dawa, mfamasia au yeyote anayeshika funguo za stoo ana nguvu kubwa kuliko anavyodhaniwa. Kituo kimetumia vidonge 600 vya dawa fulani kwa miezi 6. Anayeagiza hugawa 600 kwa 6 na kupata 100 kwa mwezi. Lakini leja inaonyesha kwamba kwa miezi 2 kati ya hiyo 6 dawa haikuwepo kabisa. Matumizi halisi ni 600 kugawa kwa 4, yaani 150. Akiagiza kwa kiwango cha 100, atakuwa ameomba theluthi mbili tu ya kinachohitajika, dawa itakwisha mapema zaidi, na hesabu ya awamu inayofuata itashuka tena. Vituo vinavyoishiwa dawa mara kwa mara ndivyo vilivyo pembezoni, kwa hiyo kosa hili dogo la kugawanya huwaonea waliokwisha kuonewa. Dawa yake ni kuandika siku za kuishiwa kwenye kadi ya stoo siku zinapotokea, si kuzikumbuka mwisho wa robo mwaka.

Shinikizo la damu ni hadithi ndefu zaidi. Duniani, kati ya kila watu wazima watano wenye tatizo hilo, takriban mmoja tu ndiye presha yake imedhibitiwa. Sehemu kubwa ya waliobaki hawajijui, na hapo ndipo kambi za upimaji wa siku moja zinapopata umaarufu: mahema, fulana, foleni ndefu, picha. Mtu anaambiwa presha yake ni 170 kwa 100, anapewa karatasi, kambi inafungwa. Hakuna aliyeandika anakokaa. Kituo cha karibu naye hakina amlodipini, dawa ya presha. Miezi mitatu baadaye ana hofu mpya na presha ileile. Mpango wa kambi unapaswa kujibu maswali matatu kabla ya hema la kwanza kusimamishwa: nani atampokea atakayekutwa na tatizo, dawa za miezi 3 ya kwanza ziko wapi, na nani atampigia simu asipofika. Likikosekana jibu, afadhali fedha hizo zinunue dawa.

Hata kipimo chenyewe hukosewa. Mgonjwa akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunjana, mkono umeshikiliwa usawa wa moyo, na mpira ulio ndani ya mkanda wa presha uzunguke walau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huzidisha namba. Kipimo kirudiwe. Mtu aliyepanda kilima na kupimwa akihema atapewa ugonjwa asio nao, na vituo vya pembezoni ndivyo vyenye mkanda wa saizi moja na wagonjwa waliokuja kwa miguu.

Vifaa navyo vina upendeleo wao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Mtoa huduma anayetibu wenye ngozi nyeusi hana budi kuangalia kasi ya pumzi, mbavu zinavyovutwa na uwezo wa mgonjwa kumaliza sentensi, hata skrini ikisoma asilimia 94.

Sasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kundi linalosifiwa kuliko yote na kusimamiwa kuliko yote vibaya. Kazi yao inaonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, nguo imeinuliwa kifua kionekane. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni pumzi ya haraka, dalili ya nimonia. Njia ya mkato ni kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na hapo kosa la pumzi 3 linageuka 12. Mtoto mzima anapewa antibayotiki au mgonjwa anaachwa. Msimamizi makini haulizi, anafungua rejista. Namba zikiwa zote zinagawanyika kwa 4, amekwisha kujua kinachofanyika. Zikiishia zote na sifuri, huenda hakuna kilichohesabiwa.

Kuhara nako kuna mitego. Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyokusudiwa lita 1 ikichanganywa kwenye nusu lita huwa na chumvi kupita kiasi. Ikichanganywa kwenye lita 2 haisaidii ipasavyo. Na si pakiti zote ni za lita 1, kwa hiyo maandishi yasomwe kila mara. Mwenye familia asiye na chombo chenye vipimo anahitaji mhudumu aweke alama kwenye chombo chake mwenyewe, siku hiyohiyo. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huacha siku ya tatu kuhara kunapokoma, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba siku zilizobaki ni za kumkinga mtoto na kuhara kunakofuata.

Wajibu wa muuguzi au tabibu anayesimamia wahudumu hawa ni kukaa kimya kwenye kona ya nyumba na kutazama mgonjwa mmoja akihudumiwa mwanzo hadi mwisho. Ziara ya kusimamia inayoishia kwenye kusaini daftari ni matembezi. Tena kuna suala la ujira. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 unapendekeza wahudumu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi, mafunzo na saa wanazofanya, na malipo yasitegemee zaidi bonasi za matokeo. Madaktari na wauguzi wanaolindwa na mikataba wangetumia sauti zao kulisemea hilo, maana hakuna fani nyingine ndani ya afya inayotarajiwa kuishi kwa vyeti vya shukrani.

Kugawana majukumu ndani ya kituo ndiko kunakozua ubishi mkali zaidi. Mwaka 1984 Msumbiji ilianza kuwafunza wataalamu wasio madaktari kufanya upasuaji, ukiwemo wa kujifungua. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 1996 haukuona tofauti kubwa ya matokeo kati yao na madaktari bingwa wa uzazi, na ufuatiliaji wa baadaye ulikuta karibu wote bado wako kwenye hospitali za wilaya miaka kadhaa baada ya kupangwa huko, ilhali madaktari walikuwa wameondoka. Hofu ya vyama vya taaluma kwamba hii ni huduma ya daraja la pili kwa maskini si ya kupuuzwa. Huwa ya daraja la pili kazi inapohamishwa bila mambo yanayoibeba: mtaala, leseni inayotaja wazi anachoruhusiwa kufanya, namba ya simu ya mtaalamu wa juu inayopokelewa usiku, na mshahara unaopanda pamoja na jukumu. Kinachozorotesha ugawaji wa majukumu mara nyingi ni hicho cha mwisho. Muuguzi anaongezewa kazi ya tabibu, anabaki na mshahara wa muuguzi, na baada ya miaka miwili anahamia mjini.

Kwenye uzazi, mkunga ndiye huamua mambo kabla daktari hajaamka. Damu baada ya kujifungua hukadiriwa kwa macho, na macho hupunguza. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia shuka ya plastiki yenye mfuko wa vipimo, na tiba zote zilitolewa kwa pamoja mara tatizo lilipogunduliwa: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipa, na kutafuta chanzo cha damu. Utokaji mkubwa wa damu uligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliokuwa nao, dhidi ya asilimia 51 kwa utaratibu wa kawaida, na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Hakuna mashine hapo. Lakini oksitosini, dawa kuu ya kukaza mfuko wa uzazi, hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kituo ambacho umeme hukatika kinaweza kuwa kinachoma sindano isiyo na nguvu bila kujua. Kipimajoto ndani ya friji na daftari la kukisoma mara mbili kwa siku ni sehemu ya ukunga, hata kama havimo kwenye maelezo ya kazi.

Rufaa huharibika kwa namna hiyohiyo ya kimyakimya. Mwenye kifafa cha mimba apewe dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kabla ya kupandishwa gari: gramu 4 polepole kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Barua iandike kiasi, saa na njia iliyotumika, vinginevyo hospitali itarudia dozi au itaogopa kutoa inayofuata. Hospitali ipigiwe simu kabla gari halijaondoka. Na ijibu baadaye, kwa sababu kituo kisichorudishiwa taarifa hakijui kama rufaa zake zinaokoa watu au zinawachelewesha.

Lugha huua polepole zaidi. Mtoto wa miaka 10 akimtafsiria mama yake habari za kutokwa damu ukeni, nusu ya maelezo hupotea kwa aibu. Mkalimani awe mtu mzima, ikiwezekana aliyefunzwa, na mtoa huduma amtazame mgonjwa anapoongea. Mwisho wa maongezi, swali la “umeelewa?” halina thamani; kila mtu hujibu ndiyo. Mwambie: “Nieleze dawa hii utampaje mtoto ukifika nyumbani.” Parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 na ile yenye 250 hukaa rafu moja, chupa zinafanana, na mzazi aliyezoea kijiko kimoja cha ile ya kwanza anaweza kutoa zaidi ya mara mbili ya dozi akibadilishiwa chupa bila maelezo. Bomba la mililita lililochorwa mstari kwa kalamu humaliza tatizo.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote ni la haki: watumishi hawatoshi. WHO inakadiria upungufu wa takriban watumishi milioni 11 duniani kufikia mwaka 2030, hasa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kumdai muuguzi aliye peke yake zamu nzima awafuate wasiofika kunaweza kuwa njia ya adabu ya kumtwisha lawama za serikali. Nakubali, kwa sehemu. Barabara, mshahara na bajeti ya dawa haviko mikononi mwake. Ila muda mwingine upo, umefichwa kwenye ratiba. Kituo chenye wagonjwa 240 wa presha waliotulia kwenye dawa, kila mmoja akija kila mwezi, kina mahudhurio 2,880 kwa mwaka. Wakipewa dawa za miezi 3, yanakuwa 960. Kwa dakika 10 kila hudhurio, zimeokolewa saa 320, na mgonjwa ameokoa nauli za safari 8. Kwa watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na hali zao ni tulivu, WHO tayari inapendekeza dawa za miezi 3 hadi 6, ikiwezekana 6. Kikwazo huwa stoo isiyo na akiba ya kutosha, ndiyo maana hesabu ile ya 150 badala ya 100 inamhusu daktari kama inavyomhusu mfamasia.

Saa zilizopatikana ziende wapi? Kwenye kuligawa jedwali la taarifa kijiji kwa kijiji. Kituo chenye vijiji vitano vyenye idadi sawa ya watoto kinaweza kuripoti chanjo ya asilimia 80 na kupongezwa, kumbe vinne viko kwenye asilimia 95 na cha tano kiko kwenye 20. Wastani ni sahihi na haufai kitu. Mganga mfawidhi anayeingia kwenye kikao cha bajeti na wastani huo hana la kuomba. Anayeingia na jina la kijiji cha tano, idadi ya watoto wake, umbali wao na lita za mafuta ya pikipiki kwa safari 12 za mkoba kwa mwaka anawalazimisha wenye fedha kukubali au kukataa jambo moja linaloeleweka, na kukataa kwao kuandikwe kwenye muhtasari.